Kwa Nini Wachezaji wa Kapoeira Huchuchumaa Mbele ya Upinde

Zamani, mchezo wa kapoeira ulipokuwa bado hauna upinde, wala wimbo, wala duara la watu wanaopiga makofi, mwanamke mmoja aitwaye Chilombo alikuwa ameketi nyuma ya jiko akikuna muhogo. Ilikuwa Jumapili alasiri. Alikuwa amefika nusu ya kapu, vidole vimeanza kuchubuka, na bado kulikuwa na kazi ya kukamua, kuchekecha na kukaanga unga kabla jua halijazama. Hakuwa na wa kumsaidia. Watu wa banda lake, wote kumi na wawili, walikuwa wametoweka mmoja mmoja kama walivyozoea kila Jumapili, huyu akisema anakwenda kutafuta kuni, yule akisema anakwenda kuoga mtoni, na Chilombo akijua fika kwamba hakuna kuni wala kuoga.

Ndipo Mbumba akatokea. Mbumba alikuwa mfuaji wa nguo katika nyumba kubwa ya mwenye shamba, mwanamke mnene ambaye hata mvua ikimkuta njiani hakimbii. Siku hiyo alikuja mbio, povu la sabuni likiwa bado mikononi.

"Chilombo, acha muhogo."

"Nikiuacha utajikuna?"

"Acha, nakwambia! Bento anakuja. Nilikuwa naanika mashuka chini ya dirisha, nimesikia kwa masikio yangu haya. Mwenye shamba kamtuma aende akawaone wale wa banda lako wanafanya nini kule nyuma ya miwa. Kasema akikuta wanacheza ngoma, hewala, leo Jumapili. Akikuta wanafundishana kupigana, kesho asubuhi wanauzwa machimboni, wote kumi na wawili."

"Nani kawasema?"

"Unauliza nani? Huyo Mpanzu wako juzi kaja kwenye kinu cha miwa na jicho limevimba kama yai la bata. Kuulizwa, anasema kapigwa na tawi. Tawi gani lenye kisigino?"

"Bento yuko wapi sasa?"

"Anavaa viatu. Mbwa keshafunguliwa."

Bento alikuwa mnyapara wa shamba. Alipenda kucheka, na watu walijifunza mapema kutokitegemea kicheko chake.

Nchi hiyo ilikuwa ng'ambo ya bahari kubwa, nchi ya miwa, na watu walioilima hawakuzaliwa humo. Waliletwa na merikebu kutoka huku kwetu Afrika, wakachanganywa kwa makusudi, mtu wa mto na mtu wa milima, ili wasiweze kuelewana haraka. Chilombo alitoka nyanda za juu za bara. Alikamatwa njiani akirudi sokoni na furushi la chumvi, na nyumbani aliacha watoto wawili kwa mama yake. Kwa muda fulani alikuwa akihesabu umri wao. Baadaye aliacha, kwa sababu akihesabu kazi haiendi. Katika shamba lile lote hapakuwa na mtu mmoja aliyejua lugha yake, kwa hiyo aliizungumza na chungu. Alikiambia chungu kichemke, alikigombeza kikifurika, na alipokuwa na la kusema zaidi ya hapo alikiambia pia.

Mara tatu tangu afike, banda lake lilikuwa limeondolewa watu na kujazwa wageni watupu. Wengine waliuzwa, wengine walikufa kwa homa. Yeye alibakizwa kila mara kwa sababu mpishi hauzwi pamoja na midomo anayoilisha. Mara tatu alianza upya kujifunza nani hawezi pilipili, nani hulia usingizini, nani asiwekwe karibu na nani. Hawa kumi na wawili amekaa nao miaka minne. Alipokuwa akimsikiliza Mbumba hakuwaza mambo makubwa. Aliwaza tu kwamba hana nguvu ya kuanza mara ya nne.

Aliyewafundisha watu hao ni Mzee Kiala, naye alikuwa mmoja wao. Kiala alizaliwa karibu na mdomo wa mto mkubwa, katika kijiji cha wagema. Kila mwanamume wa huko alipanda michikichi alfajiri na jioni kugema tembo, na mgema aliyevunjika kidole hana kazi. Kwa hiyo kupigana kwa mikono kulikuwa mwiko. Watu wakikosana walimalizana kwa miguu: teke la kuzunguka, ngwala, kisigino cha nyuma. Kiala alifundishwa na mjomba wake tangu hajaota ndevu, akawa fundi asiyeshindika pande zile. Mchezo wenyewe haukuwa na mapambo. Wawili walisimama katikati, wengine wakajipanga mistari miwili, kimya, na ukimya huo uliendelea mpaka mmoja alale chini.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi nyingine. Mgema akianguka kutoka juu, mtu wa kwanza kumwona hakupiga yowe. Alikimbilia upinde wa kibuyu, upinde wenye ugwe mmoja na kibuyu kilichofungwa chini kukuza sauti, akaupiga kwa kijiti. Sauti ilipowafikia wagema huko juu, kila mmoja alishuka mti wake. Walikuja wakachuchumaa duara mbele ya upinde, kila mtu akaigusa ardhi kwa kiganja kuonyesha kwamba yeye amefika chini salama, kisha wakatazamana usoni mmoja baada ya mwingine, mpaka wajue ni nani ambaye hakushuka. Upinde ule haukupigwa harusini. Haukupigwa wakati wa mavuno. Ulikuwa wa kazi hiyo moja.

Kiala aliletwa nchi ya miwa pamoja na wanaume kumi na mmoja wa kijiji chake. Watatu walifia merikebuni. Waliobaki walikwisha mmoja mmoja shambani, na wa mwisho alipokufa Kiala alichonga upinde. Tangu hapo kila jioni baada ya kula alikwenda kukaa nyuma ya banda akawapigia wenzake, leo huyu, kesho yule, na kila jioni hakuna mtu aliyeshuka kutoka popote. Watu walipita na mitungi yao ya maji. Chilombo mwenyewe alidhani mzee anajiliwaza tu, na siku moja alimwomba apige polepole kwa kuwa kichwa kinamuuma. Jioni hiyo Kiala aliacha kupiga, akarudi kesho yake.

Alipoanza kufundisha watu wa banda, somo la kwanza halikuwa teke. Aliwaambia, "Ukisikia upinde mchana, popote ulipo, lolote unalofanya, shuka."

Mpanzu, kijana wa maneno mengi, alicheka. "Nishuke wapi, mzee? Mimi hapa nilipo ndiyo chini kabisa."

Kiala hakucheka. Akiiga sauti ya upinde kwa mdomo, aliwazoesha kuchuchumaa, kugusa ardhi, kutazamana waone nani hayupo, mpaka magoti yao yakawa yanajua yenyewe. Hakuwaeleza sababu. Chilombo peke yake ndiye aliyeambiwa, siku moja akimpakulia mzee maharagwe.

"Nataka siku nikianguka mimi," alisema Kiala, "wawepo wa kushuka."

"Kula," Chilombo alimjibu. "Chakula kinapoa."

Sasa Bento alikuwa anafunga viatu, na Chilombo alisimama nyuma ya jiko akifikiri upesi, kama afikirivyo mtu aliyezoea kugawa kitoweo kidogo kwa watu wengi. Kwenda kuwaonya watawanyike hakutasaidia. Watu kumi na wawili wakitoka miwani mbio, mbwa atawakimbiza, na anayekimbizwa na mbwa huhesabiwa mtoro. Ilitakiwa ngoma. Lakini ngoma zote za shamba zilifungiwa ghalani mpaka sikukuu. Kitu pekee chenye sauti katika banda zima kilikuwa kinaning'inia juu ya kitanda cha Mzee Kiala.

Aliingia akakitungua.

Alipita katikati ya miwa, majani yakimchana mikono, upinde ameukumbatia kifuani kibuyu kisije kikapasuka. Nyuma kwa mbali mbwa alibweka mara moja. Alipofika kwenye uwazi uliokuwa katikati ya shamba, alikuta kama alivyotarajia: mistari miwili ya watu kimya, na katikati Mpanzu na Atumane. Atumane alikuwa mtu mrefu aliyetoka pwani ya mashariki, mbali kuliko wote, na maneno yake kwa siku yangeenea kwenye kiganja. Ndiye aliyelivimbisha lile jicho. Mpanzu alikuwa hajasahau, na kila aliyemwona siku hiyo alijua amekuja kulipiza.

Chilombo alikwenda moja kwa moja kwa Kiala, aliyekuwa amesimama kando.

"Mzee, Bento anakuja na mbwa wake. Mwenye shamba anasema mkikutwa mnapigana mnauzwa machimboni, nyote. Mkikutwa na ngoma hakuna neno. Piga huu."

Kiala aliutazama upinde, akamtazama yeye.

"Umeutoa mahali pake?"

"Nimeutoa. Piga."

"Mama, huu si wa kuchezea. Huu ni wa matanga."

"Mkienda machimboni matanga yatakuwa tele, mzee. Mpigaji ndiye hatakuwepo."

"Nikiuchezea, wale wangu hawatausikia tena. Utakuwa mti na kibuyu."

"Wale wako wamekufa," Chilombo alisema. "Hawa bado wanakula."

Lilikuwa neno gumu, na alilijua kuwa gumu lilipokuwa linatoka. Kiala aliweka mikono nyuma, kidole kimoja kimeshika kingine, kama mtoto anayekataa dawa. Na mbwa akabweka tena, safari hii karibu, na miwa ikaanza kutikisika upande wa njia.

Basi Chilombo aliushika upinde mwenyewe. Hakuwahi kuupiga. Aliuegemeza tumboni jinsi alivyomwona mzee akifanya, akachukua kijiti, akagonga ugwe mara moja.

Wakati huohuo mguu wa Mpanzu ulikuwa umekwisha ondoka ardhini. Lilikuwa teke la kuzunguka, teke zuri, na lilikuwa linakwenda kwenye taya la Atumane bila kizuizi. Sauti ya upinde ikatoka, nyembamba, ya kutetemeka. Magoti ya Atumane yalishuka kabla yeye mwenyewe hajaamua kushuka. Mguu ukapita hewani, juu ya kichwa chake, mahali palipokuwa na taya. Na Mpanzu, alipomaliza kuzunguka, naye alikuwa chini, amechuchumaa, kiganja kwenye udongo. Watu wa mistari miwili walikuja wakachuchumaa pia, wakajifunga duara mbele ya upinde kama walivyozoeshwa, wakagusa ardhi, wakaanza kutazamana usoni kwa hofu ya kweli. Kwa miaka yote ile mzee hakuwahi kuupiga upinde mchana. Kila mmoja alikuwa akitafuta ni nani aliyekosekana.

Bento alipojitokeza, aliwakuta hivyo.

"Kuna nini hapa?" aliuliza. "Mbona mmekaa kama kuku wanaotaga?"

Chilombo aliona lazima aseme yeye.

"Ni ngoma, bwana. Ndiyo tunaanza."

"Ngoma gani hii kimya?"

"Ya kwao mzee. Huanza kimya."

Bento alizunguka duara polepole, mjeledi umekunjwa kwapani. Akasimama mbele ya Mpanzu, akamwinua kidevu kwa kidole.

"Na hili jicho?"

"Huyo hajui kucheza, bwana," alisema Chilombo. "Kila akigeuka anaanguka. Tumemwambia akae na wazee atupigie makofi, hasikii."

Wawili watatu walicheka, na kicheko kiliwatoka kwa woga zaidi kuliko kwa furaha. Mpanzu alifumba mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitukanwa asijibu.

"Haya," alisema Bento, akajikalia juu ya kisiki, mbwa miguuni pake. "Chezeni niwaone."

Chilombo alikuwa ameshika upinde ambao hakujua kuupiga zaidi ya mara moja. Alimgeukia Kiala. Hakumwomba tena. Alimnyooshea tu. Watu wote walikuwa wangali wamechuchumaa, nyuso zao juu, na mzee aliwatazama mmoja mmoja kuzunguka duara, polepole, mpaka akafika alikoanzia. Wote walikuwepo. Hakuna aliyeanguka.

Akaupokea upinde, akaketi, akakiweka kibuyu tumboni, akaanza kupiga.

Alipiga polepole sana. Mpanzu na Atumane waliinuka bila kujua la kufanya, kwa kuwa miili yao ilijua kupiga na kukwepa, basi. Mpanzu alirusha mguu, na palepale akakumbuka Bento, akauacha upite juu bila kugusa. Atumane alipita chini yake kama mtu anayeokota kitu kilichomdondoka. Kisha Atumane aliweka mkono chini, akaupeleka mguu wake mrefu hewani, nao ukapita sentimita chache tu kutoka lile jicho bovu, na Mpanzu akajipinda akatabasamu, kwa kuwa alitambua kwamba mwenzake angeweza kumpiga na hakumpiga. Hilo hawakuwa wamewahi kuambiana kabla ya siku hiyo. Upinde ulipokwenda polepole, walikwenda polepole. Mzee alipouharakisha kidogo, nao wakaharakisha. Mpanzu alipoanza kupandwa na hasira upinde ulishuka, na hasira ikashuka nao. Kwa miaka minne Kiala alikuwa amewafundisha kwa kuwashika mabega na kuwapiga nyayo. Sasa aliwashika bila kuwagusa, kutoka pale alipokaa.

Chilombo alianza kupiga makofi. Vidole vilivyochubuka viliwaka moto. Wengine wakamfuata.

"Mzee!" alipaza sauti Bento. "Wimbo je? Au kwenu mnacheza kama mabubu?"

Kiala hakuwa na wimbo wa kucheza. Kwenye upinde ule alijua kitu kimoja tu, na hicho ndicho alichokitoa. Alipaza sauti yake nzee, akaita, "Makaya!" Hakuna aliyejua maana yake. Lakini watu waliona lazima waitikie kitu, wakaitikia hilohilo, "Makaya!" Akaita, "Nlandu!" Wakaitikia. Akaita Lukeni, akaita Nzuzi, na kila jina lilimrudia kutoka vinywa kumi na viwili.

Chilombo alielewa alipofika jina la nne. Hakuacha kupiga makofi. Aliangalia mbele, akaitikia pamoja na wengine kwa sauti kubwa kuliko alivyokuwa amewahi kutoa tangu afike nchi ile. Jioni zote zile mzee alikaa peke yake nyuma ya banda, umbali wa hatua kumi kutoka jikoni kwake, na yeye alikuwa ameomba apigiwe polepole.

"Hao unaowaita ni akina nani?" aliuliza Bento.

"Ng'ombe wa baba yangu, bwana," alijibu Kiala bila kusimamisha kijiti.

"Kumbe baba yako alikuwa tajiri!"

"Alikuwa nao kumi na mmoja."

"Sasa wako wapi?"

"Wametawanyika."

Bento alicheka mpaka akajipiga paja. Alikaa muda mrefu. Mara mbili aliwataka wabadilishane, na waliobadilishana walikuja kwanza wakachuchumaa mbele ya mzee, wakagusa ardhi, kwa sababu ndivyo walivyoona wa kwanza wakifanya na hakuna aliyethubutu kugeuza neno. Mbwa alilala. Hatimaye mnyapara alisimama, akajifuta vumbi matakoni, akasema atamwambia bwana kwamba watu wake wanarukaruka kama vyura na hakuna la kuogopa. Akaenda zake.

Walingoja mpaka miwa ikaacha kutikisika. Mpanzu akataka kushangilia, Atumane akamziba mdomo kwa kiganja.

Kiala alikuwa bado amekaa. Aligonga ugwe mara moja, akasikiliza, akagonga tena. Wengine walisikia sauti ileile. Yeye alitikisa kichwa.

"Hawamo," alisema. "Nimewaita mbele ya watu wanaocheka. Hawatarudi humu."

Chilombo alikuwa na neno la kumpa. Lilikuwa neno la kwao, ambalo wanawake wa nyanda za juu humwambia mtu aliyetoka kuzika, na halina mwenzake katika ule mseto wa lugha waliokuwa wakizungumza shambani. Alilitafuta kwa namna nyingine asilipate. Akalisema kimoyomoyo. Kisha akasema, "Twende, mzee. Unga haujakaangwa."

Na tangu siku hiyo watu wa mchezo ule hawakucheza tena bila upinde. Waliuzwa baadaye, walitoroka, walizeeka, wakaufundisha mchezo katika mashamba mengine na katika miji, na kila walikokwenda waliubeba kama ulivyokuwa Jumapili ile. Ndiyo maana hata leo wachezaji wawili wa kapoeira, kabla hawajaanza, huja wakachuchumaa mbele ya upinde, wakaigusa ardhi kwa kiganja, wakatazamana usoni. Ndiyo maana watazamaji hufanya duara, ili kila mtu aone uso wa kila mtu. Ndiyo maana mguu unaoweza kupiga hupita bila kupiga, na mwenye upinde ndiye anayeamua mwendo, hata awe mzee asiyeweza tena kuinua goti. Mwimbaji huita na watu huitikia, na mara nyingi hawajui wanamwitikia nani. Ukiwauliza watakwambia ni heshima ya mchezo. Na ukiusikiliza upinde vizuri, watu wakiwa wanacheka na kupiga makofi, utausikia kama kwamba wenyewe hauko nao, uko mbali, unamngoja mtu ashuke.

Lakini jioni ile hakuna aliyekuwa akiwaza miaka ya mbele. Muhogo uliobaki ulikunwa na mikono mingi, ukakamuliwa, unga ukakaangwa ukawa wa rangi ya mchanga. Maharagwe yaliiva. Watu waliingia wakakaa chini kuzunguka ukuta, wamechoka. Mzee Kiala hakwenda nyuma ya banda. Alikaa mlangoni na mikono mitupu mapajani, hajui aiweke wapi.

Chilombo alipakua, akapitisha bakuli moja moja, akihesabu kwa sauti huku akimtazama kila mtu usoni. Alipomaliza alirudi jikoni akakaa kwenye kigoda chake.

"Wangapi?" aliuliza Kiala kutoka mlangoni.

"Kumi na wawili. Wote wapo."

"Hesabu tena."

"Mzee, nimehesabu."

"Hesabu tena, mama."

Chilombo alisimama akahesabu tena, akionyesha kwa upawa, mmoja baada ya mwingine mpaka kwa mzee mwenyewe. "Kumi na wawili. Mbona unanisumbua na mimi nimechoka?"

"Banda hili lina watu kumi na watatu."

Chilombo alianza kuhesabu upya. Aligeuka akatazama pembeni, akatazama nje kwenye giza lililoanza kuingia, akipitia tena nyuso zote kutafuta aliyekosekana, na asimwone. Watu walikuwa wameacha kula. Ndipo Atumane, yule asiyesema, alipoinuka, akamnyang'anya upawa taratibu, akatafuta bakuli jingine, akalijaza maharagwe, akanyunyiza unga juu, akaliweka mikononi mwa Chilombo.

"Kumi na watatu," alisema Kiala, akaanza kula.